Paketi za kilo moja zinapopishana uzito

Paketi ya kwanza inasoma gramu 985, mfungashaji anaongeza namba kwenye mashine. Inayofuata inasoma 1,022, anapunguza. Ikifika saa ya chakula, mashine imeshaguswa mara nyingi na paketi zinapishana kuliko asubuhi. Hali hii inawasumbua wengi wanaofungasha sembe, dona na unga wa lishe hapa Tabora, na mara nyingi mashine yenyewe haina kosa.

Unga unauzwa kwa uzito lakini unapimwa kwa ujazo. Kopo halijui gramu, wala skruu ya kusukumia unga haizijui. Vyote viwili vinajua nafasi tu. Unga ukiwa umejaa hewa, nafasi ile ile inabeba kidogo. Ukishindiliwa, inabeba zaidi. Kwa hiyo kabla ya kugusa namba yoyote, tafuta kilichobadilika kwenye unga, kwenye hopa (chombo cha juu ya mashine kinachoshika unga), kwenye mkono wa mtu au kwenye mizani.

Njia ya kukitafuta ni hii: fungasha paketi 10 mfululizo bila kurekebisha chochote. Zipe namba kwa kalamu, zipime kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, andika. Usizipange upya kuanzia nzito, maana mpangilio ndio unaokupa jibu. Zikishuka taratibu, mfano 1,006, 1,001, 997, 992, angalia kimo cha unga kwenye hopa. Zikipungua zote kwa kiasi kinachokaribiana, angalia mipangilio, sifuri ya mizani au uzito wa mfuko mtupu. Zikiruka ovyo, 985, 1,022, 990, 1,015, unga unakwama na kuachia, au anayechota anachota tofauti kila mara.

Lakini majibu hayo hayana maana kama mizani inadanganya, kwa hiyo ianze yenyewe.

Iweke kwenye meza nzito isiyotikisika, mbali na mashine ya kusaga na mbali na feni. Upepo wa feni ukipiga sahani ya mizani unaweza kuchezesha namba kwa gramu kadhaa. Sawazisha miguu mpaka kiputo cha pimamaji kikae katikati, kisha iwashe na uiache ipate moto robo saa hivi. Weka jiwe la mizani la kilo 1 katikati ya sahani, soma, litoe, lirudishe, soma tena. Halafu liweke kwenye kila kona. Ikisoma tofauti kona kwa kona, ama sahani haijakaa sawa, ama unga umeingia chini yake, ama kihisio cha ndani kimeumia kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Unga chini ya sahani ndio unaoongoza: unatengeneza kijilima kidogo kinachozuia sahani kushuka, na mizani inasoma pungufu. Inua sahani kila asubuhi, piga brashi. Kama mizani inatumia betri, ichaji kabla ya kazi, maana betri ikikaribia kuisha namba huanza kuyumba.

Huna jiwe? Siku mizani inapohakikiwa na Wakala wa Vipimo, chukua chupa ya maji iliyofungwa vizuri, ipime papo hapo, andika uzito wake kwenye kizibo. Usidhani chupa ya lita 1 ni kilo 1 kamili. Kinachohitajika ni kwamba kesho isome vile vile ilivyosoma leo.

Jambo dogo wanalolisahau wanaoagiza mizani kutoka Dar es Salaam: Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mvutano wa dunia huku ni hafifu kidogo. Mizani ya kihisio iliyorekebishwa pwani itasoma pungufu kwa chini ya nusu gramu kwenye kilo 1. Irekebishe hapa hapa kwa jiwe, lakini usiipe lawama ya gramu 20.

Uzito wa mfuko nao unakula gramu. Mfuko wa karatasi ni mzito kuliko wa plastiki, na unafyonza unyevu wa hewa. Pima mifuko 10 mitupu kwa pamoja, gawa kwa 10, tumia wastani huo. Rudia kila unapofungua bunda jipya, na rudia mvua zinapoanza mwezi wa Novemba.

Mizani ikishasema kweli, uangalie unga. Unga uliotoka kwenye kinu sasa hivi ni wa moto, umejaa hewa na mvuke. Ukilala usiku mmoja, hewa inatoka na unashuka. Kopo lile lile linaweza kubeba asilimia 10 zaidi ya jana, na pengine kupita hapo. Ndiyo maana anayechanganya unga wa asubuhi na wa jana kwenye hopa moja hapati paketi mbili zinazolingana. Tandaza unga kwenye turubai safi mpaka upoe kabisa, kisha fungasha wote ukiwa na umri mmoja. Ukifungwa na joto kuna hasara ya pili: mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, na ukungu unafuata.

Aina ya unga nayo ina tabia yake. Sembe kavu inateleza. Dona ina kiini cha punje, kwa hiyo ina mafuta, na inashikana. Unga wa lishe wenye karanga ndio mgumu kuliko yote. Ukichukua konzi yake, ukaifinya na kufungua kiganja, utaona umebaki donge lenye alama za vidole. Unga wa namna hiyo ukiwa kwenye hopa unajenga tao juu ya mdomo wa chini. Skruu inazunguka kwenye uwazi, paketi inatoka na gramu 900, kisha tao linaporomoka kwa mkupuo na inayofuata inapita kiwango. Ukisikia mlio wa skruu umebadilika na kuwa mwepesi, tao limeshajengeka. Kupiga hopa kwa nyundo kunaliangusha, ila kunashindilia unga wa chini, na paketi mbili tatu zinazofuata zitakuwa nzito. Dawa ni mkono wa kukorogea ndani ya hopa, ukizunguka polepole karibu na kuta, na kujaza hopa kidogo kidogo. Punguza karanga kwenye mchanganyiko kama unaweza, au saga karanga zilizokaangwa zikakauka vizuri pamoja na mahindi badala ya kuziongeza baadaye zikiwa zimesagwa peke yake.

Angalia pia chekeche la mashine ya kusaga. Likichanika hata tundu dogo, chenga zinapita, na uzito wa kopo unabadilika bila mtu wa kufungasha kujua sababu. Kabla ya kuanza kazi chukua unga kidogo, usugue kati ya vidole.

Kimo cha hopa ni rahisi kukidhibiti na ndicho kinachopuuzwa. Hopa ikijaa, uzito wa unga wa juu unashindilia wa chini. Ikikaribia kuisha, unaoingia kwenye skruu ni mwepesi. Chora mistari miwili ndani ya hopa, mmoja kwenye theluthi mbili na mwingine kwenye nusu, na usiruhusu unga utoke kati ya mistari hiyo. Paketi za mwanzo baada ya kujaza hopa tupu zirudishe ndani, kwa sababu skruu bado haijajaa sawasawa.

Kama mashine yako inahesabu sekunde badala ya mizunguko, umeme unaingia kwenye hesabu. Mota ya kawaida ya umeme wa AC inafuata hertz. Jenereta ikilemewa na kushuka kutoka hertz 50 hadi 47, kasi ya mota inapungua kama asilimia 6, yaani gramu 60 hivi kwenye kilo. Ukihamia kwenye jenereta, fanya tena jaribio la paketi 10 kabla ya kuendelea.

Kiangazi, hasa Julai mpaka Septemba hewa inapokuwa kavu, umeme tuli unaufanya unga ung'ang'anie faneli ya plastiki na midomo ya mifuko. Tumia faneli ya chuma cha pua, na mwili wa mashine uunganishwe na waya wa athi.

Kwa anayefungasha kwa mkono: kopo lisichovywe kwa nguvu kwenye beseni, maana linashindilia. Jaza kopo kwa kijiko cha kuchotea mpaka lifurike, lisigongwe mezani, kisha futa juu kwa rula iliyonyooka kwa mpigo mmoja. Kopo la lumbesa si ukarimu, ni hasara isiyoandikwa popote. Kama wafungashaji ni wawili, kila mmoja afanye paketi zake 10. Mara nyingi utakuta kila mmoja peke yake analingana vizuri, ila wastani wao umeachana. Hapo usinunue mashine. Wafundishe mkono mmoja. Na kwa bidhaa ya kilo, kopo lijaze gramu 950 hivi, zinazobaki ziongezwe kwa kijiko juu ya mizani. Inachelewesha kidogo, lakini ndiyo njia ya uhakika kuliko zote kwa mtu asiye na mashine.

Sasa ndipo unaweza kugusa namba. Tofauti kati ya paketi nzito na nyepesi kwenye zile 10 ndiyo inayokuambia ulenge wapi. Kama zinacheza gramu 8 juu na 8 chini, lenga 1,008 au 1,010. Kama zinacheza 25, utalazimika kulenga 1,025, na kwenye paketi 1,000 umetoa kilo 25 bure. Mwongozo R 87 wa OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, unavumilia paketi moja moja ya kilo 1 kupungua mpaka gramu 15, kwa sharti kwamba wastani wa shehena usipungue uzito ulioandikwa. Usitumie hizo gramu 15 kama shabaha, na waulize Wakala wa Vipimo ofisi ya mkoa kiwango wanachosimamia kwa bidhaa yako.

Kazi ikiendelea, pima paketi 5 kila nusu saa, andika wastani tu. Wastani ukihama gramu 5 au zaidi mara mbili mfululizo, rekebisha nusu ya tofauti, subiri paketi 10, kisha pima tena. Paketi moja iliyopungua iongeze unga kwa kijiko na uendelee na kazi.