Waulizie Pia Ambao Hawakutoa Ushuhuda

Wengi hudhani kwamba kufikiri kwa makini ni kazi ya kuwatambua waongo. Kwa uzoefu wangu, mwongo hujikanganya na mapema au baadaye hugundulika. Anayetupotosha zaidi ni mtu mkweli, anayesimulia jambo lililompata kweli, nasi tukatoa katika simulizi lake hitimisho ambalo simulizi hilo haliwezi kulibeba.

Wanaoukumbuka mwaka 2011 nchini Tanzania watanielewa. Maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefahamika zaidi kwa jina la Babu. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga, naye alieleza kwamba ameoteshwa na Mungu kuwa ingeponya UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, viongozi wa serikali nao walikunywa, wagonjwa walivuka mpaka kutoka Kenya, na wapo waliofia kwenye foleni. Sina shaka kwamba wengi waliosema wamepata nafuu walisema kweli.

Lakini nafuu hiyo haiwezi kuthibitisha nguvu ya dawa mpaka tujue habari za makundi manne: waliokunywa wakapona, waliokunywa wasipone, wasiokunywa wakapona, na wasiokunywa wasipone. Vijiwe, redio na mimbari hutuletea kundi la kwanza peke yake. Kundi la pili hunyamaza, ama kwa kuona haya kwamba wataambiwa wana imani haba, ama kwa sababu wamekwisha kuzikwa. Kundi la tatu hatulifikirii kabisa, ingawa ndilo lenye fundisho kubwa, kwa kuwa maradhi mengi sugu hupanda na kushuka yenyewe, na mgonjwa hufunga safari ya kutafuta tiba siku zile alizozidiwa, hivyo hata asingekunywa chochote, huenda siku zinazofuata zingekuwa afadhali. Mwenye virusi vya UKIMWI naye anaweza kukaa miaka bila dalili, na kwa hiyo kujisikia vizuri hakumwambii lolote kuhusu wingi wa virusi katika damu yake.

Njia ya kuyapata makundi yote manne si ngeni. Mwaka 1747, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C, akawagawa wawili wawili, wote wakila chakula kimoja, ila kila jozi ikapewa tiba yake: siki, maji ya bahari, machungwa na malimau, na nyinginezo. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao wote. Laiti angewapa wote 12 tiba ile ile, asingejua kama kilichowasaidia ni tunda, mapumziko au chakula.

Nyumbani hatuna meli wala mabaharia, lakini tunaweza kukubaliana juu ya kipimo kabla ya kuona matokeo. Shangazi yangu, mwenye kisukari, alirudi kutoka Samunge akiwa na furaha, akataka kuacha vidonge vyake. Sikubishana naye juu ya Babu wala juu ya imani yake, maana ubishi ungemfanya ashikilie zaidi. Nilimwomba aendelee na vidonge mpaka kliniki imruhusu kuviacha, na tuandike sukari yake kila asubuhi kabla hajala. Tulikubaliana mapema kwamba, ikiwa ugonjwa umeondoka, namba zitashuka chini ya zile za zamani kiasi cha daktari kulazimika kumpunguzia dawa. Namba zilibaki pale pale zilipokuwa kabla ya safari, na shangazi mwenyewe, akisoma daftari lake, ndiye aliyeamua kubaki na vidonge. Makubaliano yale ya awali ndiyo yaliyotusaidia, kwa sababu bila hayo kila namba ingepatiwa maelezo yake: ikishuka ni dawa, ikipanda ni dawa inapigana na ugonjwa.

Swali hilo hilo, la wasiotoa ushuhuda wako wapi, nalitumia jirani anaponikaribisha kwenye mchezo wa fedha, akinionyesha ujumbe wa simu kwamba kweli amelipwa mara mbili ya alichoweka. Ninamwamini kwamba amelipwa, kwa kuwa katika michezo hiyo wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaojiunga nyuma yao. Ninachomwomba, kabla sijatoa hata shilingi, ni anikutanishe na watu watatu waliojiunga mwisho, na anieleze ni biashara gani iliyozalisha fedha alizopokea.