Zamani roboti za FIRST zilitumia nini kabla ya roboRIO?

SWALI: Habari mhariri, mimi niko form three, nafuatilia sana mashindano ya FIRST ya Marekani, yale ya roboti kubwa, naona kila timu ina kiboksi cha roboRIO, ile kompyuta ndogo inayoongoza roboti. Kabla yake walitumia nini na kwa nini walibadilisha?

JIBU: Salama kabisa mdogo wangu. Hadi 2008 ilikuwa kontrola (kompyuta za kuongoza roboti) za kampuni ya IFI, na mawasiliano ni modemu ya redio. 2009 ikaja kontrola ya cRIO ya kampuni ya National Instruments pamoja na wifi, hapo nguvu ya kompyuta ikapanda sana, ila ile ni mashine ya viwandani, nzito, tena ilitaka volti 24 wakati batri ya roboti ni 12, kwa hiyo bodi ya kugawa umeme ikabidi ipandishe volti. roboRIO ya 2015 inakula 12 moja kwa moja, na kitu mi nakipenda zaidi, volti zikishuka sana inakata mota kwanza ili yenyewe ibaki hai, maana kontrola ikizima katikati ya mechi mpaka iwake tena ushapoteza muda mwingi na mechi yenyewe ni kama dakika 2 na nusu. Mkijenga yenu shuleni anzeni na waya nene zilizobanwa vizuri ili volti zisishuke ovyo, programu baadaye.