Helen wa filamu za Kihindi: alikuwa mcheza dansi tu?

Umeuliza kama Helen aliwahi kuigiza kweli au alikuwa anaitwa kucheza wimbo mmoja tu kisha basi. Aliigiza, na vizuri sana. Mwaka 1980 alipewa tuzo ya Filmfare, moja ya tuzo kubwa za filamu za Kihindi, ya mwigizaji msaidizi bora kwa filamu ya Lahu Ke Do Rang.

Lakini anza alikotoka. Alizaliwa Burma mwaka 1938. Vita vya Japani vilipofika huko, mama yake alikimbia naye hadi Assam, India, sehemu kubwa ya safari kwa miguu. Walipohamia Bombay (sasa Mumbai), mama akafanya kazi ya uuguzi na mshahara haukutosha, ndiyo maana binti akaingia kucheza kwenye kundi la nyuma akiwa bado mdogo. Aliyemfungulia mlango ni Cuckoo, mcheza dansi maarufu wa wakati huo. Jina lake likavuma mwaka 1958 kwa wimbo wa filamu ya Howrah Bridge: yeye akicheza, sauti ikiwa ya mwimbaji Geeta Dutt.

Ukitaka kuelewa ukubwa wake, tazama wimbo wa Piya Tu kwenye filamu ya Caravan (1971). Mwimbaji Asha Bhosle anaimba huku akihema, na kila pumzi unaiona kwenye mabega na kifua cha Helen, utadhani sauti inatoka kwake mwenyewe. Huko ni kuigiza kabisa! Waandishi wa filamu walimpa wahusika wa kilabu na magenge miaka nenda rudi, na kwangu mimi hawakumtendea haki.

Serikali ya India ilimtunuku Padma Shri, nishani ya heshima ya kitaifa, mwaka 2009.