Halloween haikuanzia Marekani

Wapo wanaodai Halloween, sherehe ya usiku wa Oktoba 31, ilibuniwa na wauza peremende wa Marekani. Hapana ndugu. Chimbuko lake ni Ayalandi. Wafugaji wa huko walikuwa na Samhain, usiku wa kuamkia Novemba 1: mavuno yameisha, ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya kiangazi, wengine wanachinjwa kabla baridi haijakaza. Mioto mikubwa iliwashwa, na watu waliamini usiku huo mizimu hutembea huru. Habari za kafara za kutisha zinazosimuliwa kuhusu usiku huo zichukue kwa tahadhari, maana simulizi za Kiayalandi tulizonazo ziliandikwa na watawa Wakristo, karne nyingi baadaye. Kanisa nalo likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe hiyohiyo.

Lile boga linalochongwa sura na kuwekwa taa ndani siku ya Halloween ni la juzi tu. Waayalandi na Waskoti walichonga tanipu, mzizi mgumu wa shambani, wakautoboa macho na meno, wakaweka mshumaa ndani. Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi yana nakala ya plasta ya mmoja kutoka Fintown, Donegal, na kwa kweli unatisha kuliko boga lolote. Walipohamia Marekani, hasa kwa njaa ya miaka ya 1840, walikuta maboga, makubwa na laini kuchonga.

Mila ya Halloween ya Ayalandi ninayoipenda mimi ni ya mkate wa zabibu kavu, barmbrack. Ndani hufichwa pete. Atakayeikuta kwenye kipande chake atafunga ndoa ndani ya mwaka. Akikuta kitambaa chakavu, ajiandae kwa ukata.