Kabla Hujamkabidhi Mchapishaji Gemu Yako

Vijana wa Kampala wanaotengeneza gemu huniuliza mara kwa mara: "Kaka, kuna mchapishaji kaniandikia, huyu ni wa kweli?" Yaani kampuni inayotoa na kutangaza gemu za wengine. Akikuomba hela ili akutolee gemu, usipoteze muda naye. Kazi ya mchapishaji ni kutoa hela, si kuomba.

Asiyeomba hela ndiye wa kuchunguza. Fungua ukurasa wake kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, uone gemu zote alizotoa, kisha uziache zilizovuma. Zitafute zilizododa, zenye maoni machache, uwaandikie waliozitengeneza. Ripoti za mauzo zilikuja kwa wakati? Walilipwa bila kufukuzana? Walipotaka kuachana naye, aliwarudishia gemu yao? Nilipokuwa natafutia mahali gemu yangu ya omweso, bao la kwetu Uganda, mtengenezaji mmoja alinionyesha barua pepe alizomwandikia mchapishaji wake akidai malipo yake, moja baada ya nyingine, na majibu yote yalikuwa "wiki ijayo". Mchapishaji yule sikumjibu tena.

Halafu mkataba. Watu hukimbilia mgawo: nusu kwa nusu, sabini kwa thelathini. Mgawo wa nini? Tuseme gemu imeuza dola 20,000. Steam inachukua asilimia 30, zinabaki 14,000. Mchapishaji anajirudishia kwanza alichotumia, tuseme 10,000. Zilizobaki 4,000 ndizo mnazogawana, na nusu yako ni 2,000. Hapo hakuna wizi, mradi mlikubaliana mapema. Ubaya ni pale mkataba unaposema atajirudishia "gharama zote za matangazo" bila kuweka kikomo. Safari yake ya maonyesho Ujerumani, hoteli, fulana za wafanyakazi wake, vyote vitaingia humo, na wewe utaendelea kusoma ripoti zenye sifuri. Kwenye mkataba niliotumiwa mimi, maneno hayo yalikuwepo. Niliomba kiandikwe kiwango cha juu, na matumizi yoyote ya kuzidi hapo nikubali kwanza kwa maandishi. Tulivutana kidogo, akaandika.

Muulize pia atafanya nini ambacho huwezi mwenyewe. Kuweka gemu Steam ni dola 100, na unarudishiwa hela hiyo gemu ikishaingiza dola 1,000. Kweli, ukijiuzia utakutana na kodi: Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo sehemu yako ya mauzo ya huko hukatwa asilimia 30. Hata hivyo, mchapishaji asiyepeleka gemu kwenye mashine za kuchezea kama Switch au PlayStation, asiyetafsiri wala kulipia majaribio, anauza nini hasa?

Hakimiliki ibaki kwako, yeye apewe leseni ya miaka inayotajwa. Na kabla hujaahidi chochote, hakikisha aliyekuchorea na aliyekupigia muziki wamesaini karatasi ya kukupa haki za kazi yao. Urafiki wa mtaani Ntinda hautamtosha wakili wa mtu.

Mwisho, tazama kesi itasikilizwa wapi. Ukiona mahakama ya Stockholm, piga hesabu ya viza, tiketi na wakili wa huko, kisha uombe usuluhishi wa mtandaoni. Omba pia kifungu kinachosema kwamba asipolipa kwa siku 60 baada ya kukumbushwa, gemu inarudi kwako yenyewe. Mimi kifungu hicho siku hizi ndicho natuma kwanza, hata kabla ya kuzungumzia pesa, na wengine hapo ndipo hunyamaza.