Podikasti bila intaneti shuleni

Mwalimu wa Uvinza, umeuliza kama podikasti zinafaa darasani wakati shule haina intaneti. Zinafaa, tena sana! Podikasti ni faili la sauti tu. Ukifika Kigoma mjini pakua kipindi, kitie kwenye memori kadi, chomeka kwenye redio ndogo ya kuchaji. Dakika 10 za maongezi kwa kbps 64 (kipimo cha ubora wa sauti, yaani kilobiti kwa sekunde) hazifiki MB 5.

Ila usiwawekee dakika 30 mfululizo, watasinzia. Weka dakika 3, simamisha, uliza, rudia kipande kilichowashinda. Kwa Kiingereza cha kidato cha kwanza huko kurudia kunasaidia mno.

Utamu wenyewe ni wanafunzi watengeneze cha kwao. Wape mada ya MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande na kushushwa ziwani Kigoma mwaka 1915. Waandae maswali, wamtafute mzee aliyewahi kusafiri nayo, wamwombe ruhusa, wamrekodi kwa simu yako. Simu iwe karibu na mdomo wake, na mvua ikianza kupiga bati subirini iishe, maana hamtasikia kitu. Kuhariri usihangaike nako kwa sasa.