Kabla hamjahamia Nampula

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mtwara. Sisi huku wazima, mvua zimekata na watu wameshaanza kupulizia salfa kwenye mikorosho. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na shangazi yako, maana jambo la kuhama nchi halijibiwi na mtu mmoja.

Umeniuliza mawili. Kwanza, kama ni sawa wewe na mkeo mchukue gari lenu mzunguke Msumbiji wiki tatu, Pemba ya huko, Nampula mpaka Beira, ili mchague mji wa kuhamia na kufungua duka la spea za pikipiki. Pili, kama mpitie Kilambo, kwenye kivuko cha mto Ruvuma, kwa sababu ndiko karibu. La pili nakujibu hapohapo: msipite Kilambo. La kwanza: nendeni, tena kwa barabara, ila siyo kwa mzunguko huo mlioupanga.

Kilambo naijua. Nimevuka pale miaka mingi na mabunda ya vitenge, tukingoja maji yajae ili chombo kisikwame kwenye mchanga, wabadilisha fedha wamekaa na meticais zao zimefungwa raba, mtu anashuka majini suruali imekunjwa, viatu kavibeba mkononi. Wakati huo ukivuka Ruvuma ni kama umekwenda kijiji cha pili. Ng'ambo ni Wamakonde, huku ni Wamakonde, na pwani yao Wamwani tunaelewana. Lakini tangu Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa na waasi, mkoa wao wa Cabo Delgado haujatulia. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Na kabla ya hapo, Oktoba 2020, moto ule ulivuka mto ukaingia Kitaya, hapahapa mkoani kwetu. Majeshi yamekuja, mengine yameondoka, watu wengi wamerudi makwao, biashara zinaanza tena. Hata hivyo siwezi kumwambia mwanangu apite na mkewe barabara ambayo wenyeji wake bado wanaulizana asubuhi kama leo inapitika.

Najua utaniambia kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Ni daraja zuri, mita 720, lilifunguliwa 2010, na lami inafika mpaka pale. Lakini ukishuka upande wa Negomano, njia inakupeleka Mueda, ndani ya Cabo Delgado ileile. Kwa hiyo zungukeni. Kutoka hapa mpaka Masasi, Tunduru na Songea ni lami. Songea teremkeni Mkenda, mvukie Niassa, mwende Lichinga. Kipande hicho ni cha kiangazi, na siku ile ile ulizeni hali ya njia kwa madereva wanaotoka huko. Ikiwa ni masika, pitieni Kasumulu, mkate Malawi nzima, mwingilie Mandimba. Ni mbali, nakubali. Kutoka Mandimba mnafuata Cuamba, halafu Nampula.

Sasa gari. Liacheni nyumbani. Mpakani mtatakiwa kibali cha muda cha kuliingiza, bima ya kwao, pembetatu mbili, fulana ya kuakisi, na kila askari atakayewasimamisha atauliza kwa Kireno. Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba ukiwa ndani ya gari lako unaona barabara, huwaoni watu. Panda basi, panda chapa, ndizo daladala zao. Kaa na gunia la mtu miguuni. Utasikia nauli imepanda lini, utajua mafuta yanapatikana au hayapatikani, utajua kijana aliyekaa pembeni yako anakwenda Nacala kutafuta kazi gani. Na ukishuka na begi mkononi bila namba za kigeni nyuma yako, bei unayotajiwa inakaribia bei ya kweli.

Pia, mwanangu, achana na Beira. Wiki tatu za kupita miji mingi ni za mtalii, na ninyi hamwendi kutalii. Kama moyo wako umeelekea Nampula, nenda Nampula ukae hapohapo muda wote. Ndiyo soko kuu la kaskazini ya Msumbiji, reli inayotoka bandari ya Nacala inapita pale kwenda Cuamba na Malawi, na korosho ya huko ni kama ya kwetu, kwa hiyo msimu wa fedha mifukoni utautambua bila kufundishwa. Tena wenyeji wake ni Wamakua. Bibi yako wa Masasi alikuwa akikugombeza kwa Kimakua, na wewe ulikuwa unaelewa kila neno. Lafudhi za huko ni nyingine, ila sikio lako halitaanza patupu. Kireno anza kukisoma leo, maana ofisini, benki na shuleni hakuna kingine.

Usikae hotelini. Pangeni chumba kwenye mtaa ambao mnaweza kuja kuishi. Amka alfajiri uone foleni ya maji ikoje. Nunua umeme kwa Credelec, hiyo ndiyo luku yao, uone unakwisha kwa siku ngapi na unakatika mara ngapi. Sajili laini ya kwao. M-Pesa ipo Msumbiji, lakini ni ya kwao, haichanganyiki na yako. Angalia na saa. Wao wapo nyuma yetu saa moja, na ukienda mwezi huu wa Juni jua linazama karibu saa kumi na moja jioni kwa saa zao. Mfanyabiashara aliyezoea wateja wa jioni wa Dar es Salaam ataumia. Huko mji unaamka mapema sana, na duka lako nalo litabidi liamke.

Kuhusu spea, usianze na wenye maduka, watakuficha. Nenda soko la Waresta, uzunguke, halafu utafute mafundi wa pikipiki walio chini ya miti. Kaa nao, wanunulie soda, na uangalie chini. Pale kwenye lundo la vyuma vilivyotolewa, hesabu minyororo, sproketi, viatu vya breki, mipira ya ndani. Angalia ni vya pikipiki gani na vimelika namna gani. Lundo lile litakuonyesha cha kuagiza kuliko mtu yeyote atakayekuuzia maneno. Fanya hivyo kwa mafundi wa mitaa tofauti, uandike kwenye daftari.

Katika safari hii ya kwanza msinunue wala msilipie kitu cha kudumu. Hasa ardhi. Kule ardhi ni ya serikali, haiuzwi; kinachotolewa ni haki ya kuitumia, wanaiita DUAT, na sheria yao ya 1997 inamtaka mgeni mmoja mmoja awe ameishi nchini humo angalau miaka mitano. Atakayekuletea karatasi ya "kiwanja" wiki ya pili, mshukuru uondoke. Kupanga ndiyo njia yenu.

Vibali ndivyo vinavyoninyima usingizi. Mtanzania haombi viza kwenda kutembea Msumbiji, na hapo ndipo vijana wengi wanapojisahau. Kutembea siyo kufanya biashara. Mtahitaji kibali cha ukaazi (wanakiita DIRE), namba ya mlipakodi (NUIT) na leseni ya duka, na vyeti vya huku vitatakiwa vitafsiriwe Kireno. Mwaka 2017 uliona mwenyewe Watanzania waliofukuzwa Montepuez, kule kwenye machimbo ya Cabo Delgado, walivyoshuka hapa Mtwara, wengine hawana hata begi, na wapo waliosema vibali walikuwa navyo. Kwa hiyo fuata karatasi zote, na bado usiweke mtaji wote upande mmoja wa mto. Baada ya uchaguzi wao wa Oktoba 2024 barabara zilifungwa na maduka mengi yakavunjwa. Mwenye stoo ya pili nchini kwake alisimama tena.

Mkirudi, subirini kidogo, kisha wewe peke yako urudi tena Februari au Machi. Kiangazi kila mji ni mzuri. Nampula ilipigwa na kimbunga Gombe Machi 2022, ikapigwa tena na Jude Machi 2025. Unakumbuka Aprili 2019 tulivyohamishwa hapa tukimngoja Kenneth, kimbunga kingine, akaenda kuwashukia wenzetu wa Cabo Delgado. Mtaa mnaoupenda Juni, uone maji yanapita wapi mwezi wa tatu, na mzigo kutoka Nacala unachelewa kiasi gani madaraja yakibebwa.

Watoto waacheni kwangu kwa safari zote mbili. Huko watasoma kwa Kireno, kwa hiyo kama mtahama, hameni mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wasiingizwe darasani katikati. Mkwe wangu mwambie nataka kusikia maoni yake kwa mdomo wake mwenyewe, siyo kupitia kwako. Kama hataki, nijue sasa.

Na kwa kuwa njia inapita Masasi, lazima mlale kwa mjomba wako. Mimi nimekujibu kama mama, lakini ruhusa ya kuhamisha familia anatoa yeye. Mpelekee kilo mbili za sukari na kitambaa cha suruali, na umweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Nimeshampigia kumwambia mnakuja, sikumwambia kwa jambo gani.

Mama yako